Kisu Kidogo Kuliko Kiganja

Upana wake ni vidole viwili.
Kibao, wembe, basi.
Kiganjani mwa Bi Ngatirah kilijificha kama siri:
suke moja, tena moja, tena moja,
mpunga usije ukaona chuma ukashtuka.
Kwetu Karangsari, katikati ya Java,
mpunga ulikuwa na roho, na roho yenyewe mwanamke,
asiyependa kushikwa kwa pupa.

Hawakualikwa shambani.
Palipoiva, anayeweza kuinama aliinama.
Jioni matita yalipangwa barazani:
kumi ya mwenye shamba, moja la mvunaji,
na mwenye shamba akajifanya haoni
tita la mjane lilivyonenepa.

Nyumbani kwetu walitwanga.
Kinu kirefu cha mfenesi, michi sita,
wanawake sita, mmoja wao mama yangu.
Usinielewe vibaya, kutwanga si ngoma.
Nimemwona akishindwa kuinua mkono
kujichana nywele.

Kisha baba akanunua mashine.
Ilikuja juu ya mkokoteni, nyekundu, imefunikwa turubai.
Ikakohoa moshi, ikakubali.
Chai ya baba haijapoa,
gunia zima limekuwa mchele.
Usiku ule mama alilala
mpaka jua likamkuta kitandani.

Na wale watano?
Hakuna aliyewafukuza. Nataka hilo lijulikane.
Walikuja alfajiri na nyungo zao,
wakasimama wakisikiliza mlio,
wakaomba pumba za kuku, wakapewa.
Mwezi uliofuata pumba zikawa na bei.
Ndizo zilizonilipia ada.

Bwana shamba akaleta mbegu mpya,
fupi, yenye haraka, inayokula mbolea ya kopo na kopo.
Nyuma yake akaja Darmaji, mnunuzi,
anayenunua shamba likiwa bado limesimama
na kuja na vijana wake ishirini, mundu ishirini.
Wanawake walijipanga juu ya tuta.
Bi Ngatirah akakitoa kisu.
Kijana mmoja akauliza, "Bibi, hicho cha kunyolea ndevu?"
Wakacheka.
Naye akacheka,
na hicho kicheko chake ndicho ninachokisikia mpaka leo.

Halafu jua likapatwa.
Tangu kale jitu linalomeza jua hutishwa kwa vinu:
kijiji kizima hutwanga patupu mpaka litapike.
Serikali ilisema tujifungie ndani.
Saa tano giza likashuka, kuku wakapanda kulala,
mama akatoka mbio uani.
Kinu kilikuwa hori la mbuzi.
Akamsukuma mbuzi, akatafuta mchi, akapiga.
Lakini kinu kile kilizoea kusemwa na sita.
Mkono mmoja ulitoa sauti
kama ya mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ya waliohama.

Jua lilirudi. Bila shaka lilirudi.

Bi Ngatirah alikuja kwetu kabla ya kumfuata bintiye
kwenye kiwanda cha mashati, Tangerang.
Alitaka vibaba viwili vya mchele, akaweka kisu rehani.
Mama akampa vinne, akamrudishia kisu.
Tulikikuta asubuhi juu ya mashine,
kimefutwa, kimepakwa mafuta.

Sasa ni mhasibu mjini Semarang.
Nakitumia kufungulia bahasha; makali hayajaisha.
Jana ilikuja ya mdogo wangu:
picha ya mashine ya kuvuna, kubwa kama nyumba,
na fomu ya mkopo inayotaka mdhamini.
Anasema itafanya kwa asubuhi moja
kazi ya vijana ishirini.
Anasema vijana wenyewe siku hizi hawataki matope.
Pengine ni kweli. Sikuwauliza.
Sikumuuliza hata Bi Ngatirah.

Fomu ninayo mezani.
Kalamu iko kulia kwake,
kisu kushoto.